Sauti Yangu Ikamwita Baba Mkwe

Jumatatu, 5 Mei

Matangazo mengi leo. Misiba, ng'ombe aliyepotea, mkutano wa wakulima wa kakao, harusi ya Ipinda iliyoahirishwa kwa sababu maji yamekata barabara. Nimeanza na misiba kama siku zote. Nasoma jina, nanyamaza kidogo, nasoma tena. Pale ninaponyamaza ndipo watu wanapoulizana huyo ni nani, wa ukoo gani, kaolewa wapi. Bosi wa zamani alikuwa akilalamika kwamba nikinyamaza watu wanadhani betri zimewaishia. Sikumsikiliza.

Likaja tangazo lenye jina la baba mkwe. Si yeye, ni mtu mwingine kabisa, wa Talatala, jina tu ndilo moja. Hata hivyo siwezi kulitamka. Nikasogea pembeni ya kipaza sauti, Ipyana fundi mitambo akasoma, nikarudi nikaendelea. Wasikilizaji wameshazoea. Wakisikia Ipyana ameingia ghafla wanajua Bupe amefika kwenye jina la mkwewe.

Mama mmoja alivuka mto Songwe kutoka upande wa Malawi kuleta tangazo la msiba wa kaka yake. Ana ndugu Katumba Songwe, wengine Kyela mjini, wengine hajui walipo. Alikaa kwenye benchi mpaka akanisikia nikilisoma, ndipo akanyanyuka. Ndaga fijo, asante sana, akasema, akaondoka na matope yake miguuni.

Wenye redio wapya wanakuja keshokutwa.

Jumatano, 7 Mei

Wamekuja. Watoto wa marehemu bosi wameuza kila kitu, mnara, meza, na sisi. Kampuni ina vituo mikoa kadhaa, ofisi yao iko Dar es Salaam, na pesa inatoka nje ya nchi. Nchi gani, hakuna aliyetuambia. Nimeuliza. Msemaji wao akaniambia siku hizi pesa haina nchi. Jibu gani hilo?

Anasema redio itahamia kwenye simu ya kila mtu. Ipyana akauliza wenye simu ndogo za vitochi je. Akacheka. Sisi hatukucheka.

Jumamosi, 10 Mei

Ngana, kwa wakwe. Nimepitia nyuma, upande wa jikoni, kama kawaida yangu.

Wengi wameshaiacha desturi hii, hasa watu wa kanisani, na sisi ni watu wa kanisani. Ila ukoo wa mume wangu umeishikilia. Kutila, ndivyo wanavyoiita. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, hasemi naye, halitaji jina lake. Baba mkwe akitaka kupita uani anakohoa kwanza, mimi naingia jikoni. Tangu Gwamaka anioe sijamwona uso. Namjua kwa kikohozi na fimbo.

Yeye ananijua kwa redio. Kila jioni anaiweka juu ya kigoda karibu na mlango na hakuna anayeruhusiwa kupiga kelele. Habari zake zinanifikia kwa mama mkwe. Mzee anasema juzi ulikuwa na mafua. Mzee anasema yule marehemu wa Matema ulimsoma vizuri, walicheza pamoja utotoni. Mavuno yakitoka ananitengea mchele, anasema huu ni wa mtangazaji.

Leo mama mkwe kaniambia miguu ya Mzee imevimba tena. Daktari amemkataza chumvi. Amezeeka sana, anasema, siku hizi anasinzia amekaa.

Nimerudi na ndizi na roho nzito. Niseme tu wazi, hapa hakuna anayesoma: naogopa atakufa hatujasemezana hata mara moja.

Jumatatu, 19 Mei

Amekuja dada kutoka makao makuu. Mpole, mchangamfu, kucha ndefu. Kanifungia studio kutwa nzima nisome. Sentensi, tarakimu, majina ya vijiji, majina ya watu. Soma kwa furaha. Soma kwa huzuni. Soma kama unamwita mtu. Nikamuuliza kazi gani hii. Akasema kompyuta inajifunza sauti yangu, ili nikiugua matangazo yasikwame. Akili mnemba, akaiita.

Katika majina lilikuwemo la baba mkwe. Nikaliruka. Akaniambia dada Bupe umeruka. Nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, hata akaandika. Kisha akasema si neno, kompyuta itajaza yenyewe.

Nimesaini karatasi zao. Kiingereza chote. Nilikuwa na njaa na koo limekauka.

Ijumaa, 30 Mei

Wametuita mmoja mmoja. Mimi basi. Wa salamu za jioni basi. Mhasibu basi. Ipyana amebaki kulinda mitambo.

Matangazo sasa yanatumwa kwa simu, unalipia kwa simu, kompyuta inasoma. Kwa sauti yangu. Nikasema sijaugua. Yule msemaji akasema kwenye karatasi nimekubali. Alikuwa anaongea huku anajibu meseji.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Gwamaka. Akaenda kunoa mundu. Kesho anahamia shambani Katumba Songwe kuvuna mpunga, atalala hukohuko kwenye kibanda. Nikapika. Nikala peke yangu. Nimeumia jamani.

Jumanne, 3 Juni

Sokoni. Niko kwa mama wa dagaa napima, redio ya jirani yake ikaanza matangazo. Mimi huyo. Nimesimama na mfuko mkononi najisikiliza. Mama wa dagaa ananitazama, anaitazama redio, ananitazama tena. Watu wakakusanyika. Mmoja akasema nimerekodi mapema nije kufanya shopingi.

Haikunyamaza baada ya jina la marehemu. Jina, halafu hapohapo tangazo la kubeti, halafu marehemu mwingine. Ikasema Matema kama mtu ambaye hajawahi kufika ziwani. Mzee mmoja muuza samaki akanifokea mbele za watu, mbona siku hizi unasoma watu wetu harakaharaka, umelewa mshahara? Nikamwambia nimefukuzwa, huyo si mimi. Akanijibu ana masikio.

Na yule mama wa Malawi, au mwingine kama yeye, atatangazaje sasa? Kwa laini yake ya kule malipo hayapokelewi. Pale redioni dirisha la kupokelea matangazo limefungwa, benchi limetolewa nje linanyeshewa.

Jumanne, 10 Juni

Naandika hili usiku huuhuu.

Nilikuwa namenya ndizi za mbalaga, zile za kupika. Redio ya nyumba ya pili ilikuwa juu, inasikika mpaka kwangu. Tangazo la ushirika wa kakao. Kwanza sikulijali. Kisha nikasikia sauti yangu inasema Mzee, ikataja jina lake lote, la kwake na la ukoo, wa Ngana. Mzee, ikalitaja tena, popote ulipo, unaombwa ufike ofisi ya ushirika kuhusu kakao yako.

Mara mbili. Kwa ile sauti niliyoambiwa nisome kama namwita mtu.

Kisu kilinidondoka. Nikatoka nje kama mwendawazimu, sijui nilitaka kukimbilia wapi. Ngana ni mbali na jambo limeshasikika.

Saa hiyo redio yake huwa mlangoni.

Jumatano, 11 Juni

Simu imewaka moto tangu alfajiri. Kuna mtu alirekodi, akatupia klipu kwenye grupu la familia. Sekunde chache tu. Mzee fulani, Mzee fulani. Chini yake watu wanacheka kwa vikatuni, wengine wanaweka mikono kichwani. Wajukuu wa Mbeya hawaelewi kuna nini, wanauliza. Wifi Subilaga, dada yake Gwamaka aliyeko Dar, akawaelewesha. Kirefu. Kwamba nimemvua baba yao nguo hadharani. Kwamba umaarufu umenipanda kichwani. Kwamba mama yao aliwaonya kuhusu mwanamke wa redio.

Nikaandika kwamba nimefukuzwa kazi, ni kompyuta. Nikafuta. Nikaandika tena, nikatuma. Subilaga akajibu, kompyuta imetoa wapi mdomo wako?

Nikaiweka simu kifudifudi. 

Mtu wa ukoo aliyehamia Afrika Kusini, hata simjui, kanitumia ujumbe wa kunifundisha mila. Kule alipo sijui nani anamfundisha yeye.

Jioni Gwamaka kanipigia kutoka shambani. Yeye anajua vizuri kwamba nilikuwa nyumbani. Alisikia akiwa na wavunaji wenzake, wote wakaacha kuvuna, wakamtazama. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliniumiza:

"Bupe, najua si wewe. Lakini baba amesikia ni wewe."

Akasema pia nilipaswa kumuuliza kabla ya kuwapa watu sauti yangu. Kweli. Ila ningemuuliza nini? Mtu akikwambia soma, wewe msomaji, unasoma.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeenda redioni. Mlinzi mpya hanijui, kaniuliza nina shida gani. Sauti yangu ilikuwa inatoka kwenye spika juu ya kichwa chake.

Ipyana akatoka. Amekonda. Hana la kufanya, mitambo ya Kyela inapokea tu, kila kitu kinapangwa Dar. Hata yeye hawezi kuizima bila kuizima redio nzima. Aliniambia alitamani aizime siku ile, mkono ukawa kwenye swichi. Ana watoto. Nikamwambia asithubutu.

Kanipa namba ya makao makuu. Nikapiga palepale, chini ya mwembe wa getini, watu wanapita. Ikapokelewa. Karibu sana mteja wetu, kwa huduma za matangazo bonyeza moja. Nikakaa chini kwenye mizizi. Ni mimi. Mimi ndiye niliyepokea simu. Nikajiambia mwenyewe nisubiri, wahudumu wote wanahudumia wateja wengine.

Nikacheka mpaka machozi yakatoka, kisha yakaendelea kutoka na kicheko kimeisha. Ipyana akanisindikiza mpaka stendi ya boda.

Jumapili, 15 Juni

Kikao Ngana baada ya ibada. Wanaume barazani, wanawake kwenye mikeka ubavuni mwa nyumba. Mimi nyuma ya jiko, peke yangu na kuku. Gwamaka katokea shambani na nguo za kazi.

Aliyeongoza ni baba mkubwa, kaka yake baba mkwe. Sauti yake nene, nilisikia yote. Alisema tangu jioni ile Mzee amezima redio. Hajaiwasha tena. Anakaa mlangoni amevaa kofia yake ya kanisani, hataki kulala mchana, hali vizuri, hasemi na mtu. Akasema mtu mzima akinyamaza hivyo ameumizwa. Wote wakaitikia.

Gwamaka alinitetea. Alijitahidi. Alieleza kompyuta, kampuni, karatasi za Kiingereza. Nikasikia mmoja anauliza, kwa hiyo tuishitaki redio? Wengine wakaguna. Subilaga aliwekwa kwenye simu, spika, akalia kutoka Dar. Mtandao ukawa unamkatakata, analia, anakatika, analia.

Uamuzi: nisikanyage tena pale mpaka Mzee mwenyewe atakaposema. Na asiposema, basi. Mama mkwe hakutoa neno lolote. Nilimngoja aseme. Hakusema.

Mzee hakuletwa kwenye kikao. Wamesema wasimchoshe.

Nina hasira na wote. Na kampuni, na Subilaga, na yule dada wa kucha, na mama mkwe. Ila zaidi naogopa ile miguu yake. Maji yakipanda kifuani itakuwaje? Atakwenda akiamini nilimdharau, na mimi nitamzika kwa mbali, nyuma ya migomba.

Jumamosi, 21 Juni

Sijaandika. Sina hamu. Gwamaka amerudi na mpunga, tunaanika. Tunaongea ya mpunga tu.

Binamu yangu wa Iringa kapiga kunipongeza. Anasema kanisikia redio ya kwao huko, natangaza mbegu za mahindi. Nikamwambia asante.

Jumanne, 24 Juni

Mama mkwe amekuja. Hajawahi kuja kwangu bila kuniarifu. Kapanda boda na ungo wa kakao kavu, eti anaupeleka ushirika, lakini ushirika uko njia nyingine kabisa.

Nilimpokea kwa adabu na ubaridi. Nikampa maji. Nikampa chai. Akanywa yote. Kisha akaniuliza kwa nini siendi kwa Mzee.

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mama, si mlinifukuza wote, na wewe ukiwepo, umekaa kimya kama jiwe? Sijawahi kumjibu hivyo. Yeye akatikisa kichwa, akasema kwenye kikao hakuna aliyemuuliza yeye wala Mzee. Walikuwa wanaulizana wenyewe kwa wenyewe. Na yeye pia kaolewa pale, akasema, mdomo wake barazani una mipaka.

Kisha akanieleza jioni ile ilivyokuwa. Naandika kama alivyosema, nisije nikasahau.

Mzee alikuwa amesinzia. Redio ikamwita. Akafumbua macho. Ikamwita mara ya pili. Akaitika.

"Alisema, ee mwanangu," mama mkwe akasema. "Kwa sauti. Mpaka jirani alisikia."

Halafu akamwomba mkewe kofia ya kanisani. Akazima redio ili asikose kusikia hodi. Akakaa mlangoni. Mkwe wangu ameniita, akasema, hajawahi kuniita, lazima ana shida kubwa, atakuja. Ule ujumbe wa ushirika hata hakuusikia, alisikia jina tu. Kila siku anauliza, hajaja? Mchana halali, nisije nikafika amesinzia. Ndiyo maana hali vizuri. Ndiyo maana hasemi na mtu.

Ananingoja. Tangu siku ile. Na sisi tumekaa huku tunahukumiana.

Nimelia mbele ya mama mkwe, nimelia kama mtoto. Akaniacha nilie. Akaanza kuchambua mchele wangu kwenye ungo bila kuombwa.

Nikamuuliza na desturi je. Akasema hiyo ni ya Mzee, si ya kikao. Yeye ndiye wa kuifungua, na mtu akiitwa akaitika ameshafungua.

Alhamisi, 26 Juni

Nimeenda. Gwamaka alitaka kunisindikiza, nikakataa. Akasema kama baba mkubwa atauliza, atajibu yeye. Ndaga, nikamwambia. Nilimaanisha.

Nikapita nyuma, nikakaa kwenye kigogo ubavuni mwa nyumba, pale ukutani penye dirisha dogo la mbao. Yeye ndani, upande wa pili. Mama mkwe akamwambia amefika. Nikasikia fimbo. Nikasikia kiti. Anahema kwa shida, kama mtu aliyepanda mlima.

Akasema, "Mwanangu, uliniita. Ulitaka nini?"

Kumbe sauti yake ni ndogo. Miaka yote nilidhani ni nene, kwa sababu ya kikohozi.

Ningeweza kudanganya. Njia nzima kwenye boda nilikuwa natunga. Nilitaka kukujulia hali baba, nilitaka ushauri, chochote. Angefurahi na ingekwisha. Lakini mtu amenisikiliza kila jioni kwa imani kwamba nikisema fulani amekufa, amekufa. Nikashindwa kumdanganya yeye.

Nikamweleza. Polepole. Kwamba redio imeuzwa, kwamba walinirekodi, kwamba jina lake mimi niliruka na mashine ikajijazia. Kwamba jioni ile nilikuwa namenya ndizi.

Nikamsikia anaigeuzageuza fimbo sakafuni. Kuku wakapita, wakarudi.

"Kwa hiyo hukuniita," akasema.

"Hapana, baba."

"Mashine imeweza. Wewe hujaweza."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa ukali ningejua pa kuushika. Nikasikia fimbo tena, na kitanda. Mama mkwe akatoka, akaniambia amegeukia ukutani, anataka kulala.

Nimerudi. Nimesema kweli na nimemwondolea kitu alichokuwa nacho. Sijui kama nilifanya vizuri. Nadhani sikufanya vizuri.

Ijumaa, 27 Juni

Gwamaka kaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia. Akatoka nje, akakaa kwenye mpunga unaoanikwa, akawa anaugeuza kwa mguu hata pale ambapo umeshakauka. Baadaye akaniambia hata yeye hajawahi kumwuliza baba yake kama anaitaka hii desturi. Alidhani anaitaka. Watu wote walidhani.

Jumatano, 2 Julai

Mama mkwe kapiga simu. Mzee amelala siku nzima, hali mbaya. Chakula anakataa. Redio haitaki.

Subilaga ameandika kwenye grupu kwamba tumwombee baba. Watu wengi sana wameweka mikono ya maombi. Nikahesabu waliopanga kwenda Ngana. Hakuna.

Kesho naenda. Baba mkubwa na kikao chake watanisamehe.

Alhamisi, 3 Julai

Nilifika jua limeshapanda. Mvua ndogo ilikuwa imepita, kakao imeingizwa ndani, nyumba nzima inanuka kakao. Sikupitia nyuma. Nilisimama mbele, mlangoni, pale kiti chake kinapokaa. Kiti kilikuwa kitupu. Mlango wazi, ndani giza. Nilimwona mama mkwe amekaa sakafuni kando ya kitanda, na kwenye kitanda miguu, imevimba, imefunikwa khanga. Hiyo miguu ndiyo kitu cha kwanza nilichowahi kukiona cha baba mkwe. Nikainamisha macho.

Nilikuwa nimejizoeza njiani, kimoyomoyo. Mimi ambaye nimetamka majina ya watu wote wa wilaya hii, wazima na wafu, midomo ilikataa. Nilifungua kinywa hewa ikatoka. Mama mkwe akaacha kumpepea.

Nikaita. Mzee, na jina lake, na la ukoo.

Kimya. Nikangoja. Nadhani niliacha nafasi ileile ninayowaachia marehemu, na nilipotambua hivyo niliogopa sana. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi.

"Ee, mwanangu."

Sauti ndogo, ya mtu anayetoka mbali. Kisha khanga ikasogea, na mama mkwe akamwinua kwa mto, na yeye akauliza ninataka nini.

Sikutaka kitu. Njia yote sikufikiria hapo. Nikamwambia sina haja yoyote, baba, nimekuita tu. Akasema haya. Akaniambia nikae, nisisimame mlangoni kama mtoza ushuru. Nikakaa kwenye kizingiti, uso nimeuelekeza nje bado, nusu yangu ndani.

Basi tukawa hatuna la kusema. Miaka yote hiyo, na hatuna la kusema. Mama mkwe akacheka kidogo, akajifanya anakohoa. Mwisho Mzee akauliza kama Kyela mjini nako imenyesha. Nikamwambia kidogo tu, alfajiri. Akasema huku imeharibu kakao iliyokuwa nje. Nikamwambia itakauka, jua limetoka.

Akaomba uji. Akanywa nusu kikombe. Nikakaa pale mpaka akasinzia.